Ni Mimi Niliyelingana Naye

Ndugu yangu anayenifuata alikuwa fundi wa stima. Nyumba nyingi zilizojengwa miaka ile kati ya Malava na mjini Kakamega, yeye ndiye aliyezitia nyaya. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mke, na binti wa miaka minne. Hakuwa mtu wa kuugua. Fizi zilipoanza kumtoka damu akipiga mswaki, alinunua mswaki laini. Mapaja yake yalipovilia damu, alisema ni ngazi, kwamba fundi asiye na alama miguuni hafanyi kazi. Homa ilipokuja alimeza dawa za malaria. Ikarudi, akameza tena.

Aliyechoka kusikiliza ni mkewe. Jumatano moja alimleta mjini, hadi kwenye duka la dawa za mifugo ninakouza mimi, kwa sababu maabara iko juu ya jengo lilo hilo. Ndugu yangu alipanda ngazi tano tu, akarudi chini. Aliketi juu ya gunia la chakula cha kuku, macho amefumba, midomo imekuwa rangi ya majivu. Mtu wa maabara alishuka mwenyewe akamtoa damu pale pale, katikati ya mikebe ya dawa za kupe. Baada ya saa moja alishuka tena, na mkononi hakuwa na karatasi yoyote.

"Mama," akaniambia, "mpeleke hospitali sasa hivi. Usimpeleke nyumbani kwanza."

Ilikuwa saratani ya damu. Tulithibitishiwa Eldoret wiki iliyofuata, baada ya yeye kudungwa sindano kwenye mfupa wa nyonga na kuvutwa uboho. Akaanza kemo, zile dawa kali za saratani, siku ya tatu. Kwa miezi mitatu alikuwa akilazwa, akitoka, akilazwa tena. Mama alihamia huko kwa jamaa. Mimi nilikuwa nikienda kila Jumamosi. Nywele zilikuwa jambo dogo. Mdomo wake ulijaa vidonda hadi akashindwa kumeza. Siku moja aliniandikia kwenye simu, kwa kuwa kuongea kulikuwa kunamuumiza: "Dada, hata mate yananichoma." Mkewe, ambaye ni mwembamba kuliko mimi, alikuwa akimgeuza kitandani peke yake.

Mwisho wa miezi hiyo mitatu daktari wa damu alituita, mgonjwa, Mama na mimi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, na alipokuwa na jambo zito aliweka kalamu chini kwanza. Siku hiyo aliiweka chini.

"Uboho wake sasa hauonyeshi ugonjwa," akasema. "Lakini msifurahi sana. Kuna saratani za damu ambazo kemo inazimaliza na mtu anaenda zake nyumbani. Ingekuwa hiyo, ningewakataza kabisa kufikiria upandikizaji, kwa sababu upandikizaji wenyewe unaweza kuua. Lakini tulipopima kromosomu zake tulipata kwamba yake ni ile ya kurudi. Nikimwacha na kemo peke yake itarudi. Sijui mwezi gani."

Ndugu yangu akauliza, "Mnapandikiza nini hasa?"

"Seli mama. Zinakaa ndani ya uboho, na ndizo zinazozaa damu yako yote. Tunaua zako kwa dawa kali, nzuri na mbaya pamoja. Halafu unawekewa za mtu mwingine kupitia mshipa, jinsi unavyoongezewa damu. Zinajitafutia njia zenyewe hadi ndani ya mifupa. Zikishika, unapata damu mpya, na hiyo damu mpya inawinda mabaki ya ugonjwa."

"Na zisiposhika?"

"Utakuwa huna damu yako wala ya mwenzako."

Alieleza kwamba mtu huyo mwingine lazima alingane naye, na kwamba kulingana huku si kwa kundi la damu bali kwa alama nyingine tunazorithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja katika nne. Huko ng'ambo kuna madaftari ya watu waliojitolea, akasema, lakini watu wa damu ya kwetu ni wachache mno humo. Sisi tulikuwa watatu: mimi, yeye, na kitinda mimba wetu, kijana wa miaka ishirini na minne aliyekuwa akifanya kazi na ndugu yake ya stima. Baba alikwisha kufa zamani.

Nje, kwenye benchi, niliketi karibu na mama mmoja kutoka Matungu, amejifunga buibui, binti yake analala mapajani. Binti alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Aliniambia kwamba yeye pia aliambiwa juu ya kupandikiza, kwa kuwa binti yake alikwisha kupata kiharusi angali mdogo, lakini watoto wake wengine wanne walipimwa na hakuna aliyelingana. Walikuwa wakiendelea na vidonge na kuongezewa damu.

"Nyinyi mko wangapi?" akaniuliza.

"Watatu."

"Inshallah," akasema, na akaendelea kumpapasa mtoto kichwa.

Tulipanguswa ndani ya mashavu kwa vijiti vya pamba, mimi na kitinda mimba. Majibu yalichukua wiki mbili na siku kadhaa. Daktari alinipigia nikiwa dukani. Kitinda mimba alikuwa amelingana nusu. Mimi nilikuwa nimelingana kamili.

Sijawahi kupendwa nyumbani kwetu jinsi nilivyopendwa wiki ile. Mama alichinja ingokho, kuku wa kienyeji, akasonga obusuma, ugali wetu wa wimbi, na alipogawa nyama akaniwekea firigisi. Nyumbani kwetu firigisi haiwekewi mwanamke. Aliiweka kwenye sahani yangu mbele ya wanawe wa kiume wawili na mume wangu, akasema, "Leo mwenye nyumba ni huyu." Ndugu yangu alicheka, akasema nimekwisha kumnyang'anya urithi na bado namdai shukrani. Nilikula ile firigisi polepole, wote wananitazama.

Upandikizaji ungefanyiwa India. Habari za michango nitaziacha, kwa kuwa kila nyumba huku kwetu inazijua. Hospitali ya huko iliniletea orodha ya vipimo vya kufanyiwa hapa kabla ya safari: moyo, mapafu, ini, virusi mbalimbali, malaria, na mwisho kabisa, ujauzito. Nilimwambia dada wa maabara kwamba hicho cha mwisho akiruke. Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Nilikuwa nimeolewa miaka tisa. Nilikuwa nimebeba mara mbili na zote mbili zikatoka, ya mwisho miaka minne nyuma, na baada ya hapo kimya. Siku zangu zilikuwa zikija zinavyotaka.

"Tunafuatanga orodha, mama," akasema.

Alipotoka na jibu alikuwa akitabasamu, kwa sababu hakujua. Alinipongeza. Nilishika ukuta. Yule dada alileta kiti, akaenda kutafuta maji, na nilipokuwa peke yangu nilisema kwa sauti, "Siyo sasa." Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyomwambia mtoto wangu.

Nilimpigia daktari kabla ya kumwambia mume wangu. Akaniambia kwamba sindano za kusukuma seli mama zitoke kwenye uboho ziingie kwenye damu hazipewi mjamzito, na kwamba hata ile njia nyingine, ya kulazwa usingizi na kuvutwa uboho moja kwa moja kwenye nyonga, hakuna atakayekubali kunifanyia. Nikamuuliza kama hatungoji nijifungue.

"Ni zaidi ya miezi saba," akasema. "Ugonjwa wake hautatupa miezi saba."

"Na damu ya kitovu? Nimesikia redioni."

"Itatoka mtoto akizaliwa, mama, si kabla. Na kwa mtu mzima aghalabu ni kidogo mno. Na mpwa si ndugu, huenda asilingane. Sikushauri lolote juu ya mimba yako. Nataka uelewe hivyo. Mimi sasa naenda kutafuta njia nyingine."

Mume wangu ni mwalimu huko Khwisero na huja nyumbani mwisho wa wiki. Nilimwambia jikoni, Ijumaa jioni, kabla hajavua koti. Alifurahi kwa muda wa kupumua mara moja hivi, nikauona uso wake ukifunguka, halafu nikauona ukikumbuka. Akaketi.

"Sitakuambia ufanye nini," akasema. "Nikikuambia lolote, utakuja kunichukia kwa hilo."

Nilitaka aniambie.

Jumapili baada ya kanisa tulikutana kwa Mama, Malava. Tulikuwa watu wazima sita sebuleni: Mama, ndugu yangu na mkewe, kitinda mimba, mume wangu na mimi. Niliwaambia. Hakuna aliyelia. Wifi yangu alimvuta binti yake akamweka mapajani, ingawa mtoto alikuwa akicheza vizuri sakafuni.

Mama akauliza, "Wiki ngapi?"

"Saba."

"Zile mbili zilitoka ya ngapi?"

"Ya kumi. Na nyingine ya kumi na moja."

Aliangalia mikono yake. "Kwa hivyo hata hii hatujui kama itakaa."

Mume wangu aliinuka akatoka nje. Tulimsikia akifungua lango, halafu tusimsikie tena. Ndugu yangu, ambaye tangu tuketi hakuwa ameinua macho, akasema, "Mama, wacha." Nilimtazama nikitarajia aongeze neno, la kuniachilia au la kuniomba, lolote. Alikuwa akikwaruza kovu la sindano nyuma ya kiganja chake.

Watu wakinisikiliza leo hudhani niliamua. Sikuamua. Nilienda kazini, nikapima mbegu za mahindi, nikauza dawa ya minyoo ya ng'ombe, nikarudi nyumbani. Wiki ya nane ikapita, na ya tisa. Kila asubuhi chooni nilikuwa nikiangalia. Mara mbili zile za kwanza niliangalia nikiomba nisione damu. Safari hii sikujua naomba nini. Nilijua kwamba nikiona damu nitalia, na kwamba baada ya kulia nitapiga simu Eldoret kuwaambia niko tayari. Namba nilikuwa nayo juu kabisa kwenye simu.

Wiki ya tisa wifi yangu alikuja dukani. Alikuja saa nne asubuhi, amevaa nguo ya kanisani. Nilimtolea kiti nyuma ya kaunta. Alikaa karibu saa moja, mimi nikihudumia wateja na kurudi. Mwishowe akasema, "Dada, sikuja kukuomba. Nimekuja tu nikuone."

"Umeniona."

"Ndiyo." Alikunja mkoba wake mikononi. "Ningekuwa wewe ningefanya vile unafanya. Na bado nakuchukia. Siku zingine nakuchukia mpaka naogopa." Kisha akasimama, akanyoosha sketi yake, akaniuliza kama nimekula. Nikasema sijakula. Alivuka barabara akaniletea maandazi na chai kwenye chupa, akaenda zake.

Wiki ya kumi na moja ilipita bila damu.

Daktari alikuwa amekwisha kupata njia nyingine, nayo ilikuwa kitinda mimba. Siku hizi, akatueleza, hata anayelingana nusu anaweza kutoa. Mgonjwa hupewa dawa maalumu siku chache baada ya kupandikizwa, ya kuzuia damu ngeni isimshambulie mwili. Mama pia alilingana nusu, kama kila mzazi, lakini alikuwa na presha na miaka sitini na tisa. Binti yake ndugu yangu alilingana nusu vilevile, ila nani angemtoa mtoto wa miaka minne? "Mdogo wenu ni kijana na ana afya," daktari alisema. "Wengi wamepona kwa namna hii. Siyo njia ya kubahatisha."

Pasipoti ya kitinda mimba ilichukua wiki nyingi kuliko tulivyoahidiwa. Ndugu yangu akapewa kemo nyingine ya kushikilia ugonjwa wakati tukingoja. Alipofika India na kupimwa uboho tena, waliona alama ndogo, ndogo sana, kwamba ugonjwa ulikuwa umeanza kuchungulia. Wakaendelea hata hivyo, kwa sababu kungoja kungekuwa kubaya zaidi. Mkewe ndiye aliyewasindikiza. Mimi nilitaka kwenda kumwuguza, nikaambiwa pia hapana: mkojo na matapishi ya mtu aliye kwenye dawa zile haviguswi na mwanamke mwenye mimba. Sikuweza kutoa na sikuweza hata kuosha beseni.

Kwa hivyo niliuona upandikizaji kwenye simu, nikiwa nimeketi kwa Mama, binti yake ndugu yangu katikati yetu. Kitinda mimba alikuwa amedungwa sindano siku tano hadi mifupa ikamuuma kama aliyelima ekari nzima, halafu akakaa saa tano kwenye mashine iliyomtoa damu mkono mmoja na kumrudishia mwingine. Kilichopatikana ni mfuko mdogo, rangi ya mchuzi wa nyanya. Wifi alielekeza simu. Ndugu yangu alikuwa amelala, kichwa kinang'aa, amefunikwa hadi kidevuni. Muuguzi akautundika mfuko. Haikuchukua hata saa moja.

"Ni hiyo tu?" Mama akauliza.

"Ni hiyo tu, Mama," ndugu yangu akajibu kutoka kule.

Zilishika. Siku ya kumi na nane chembe zake nyeupe zilianza kupanda, wifi akatutumia ujumbe wenye namba peke yake, hakuna neno jingine, na Mama akapiga magoti kwenye nyasi mbele ya nyumba. Baadaye ndugu yangu alitokwa na vipele mikononi na akaharisha wiki mbili, kwa kuwa damu ya kitinda mimba ilikuwa imeanza kumwona kama mgeni, lakini wakaituliza kwa dawa. Baada ya miezi mitatu na kitu madaktari wa India walimruhusu arudi.

Tumbo langu lilikuwa limeingia mwezi wa nane. Chumba cha ndugu yangu kilikuwa kimepakwa rangi, kuku wamefukuzwa uani, maji yote yanachemshwa, matunda hakuna isipokuwa yaliyopikwa. Alishuka kwenye gari amevaa barakoa, uso umevimba kwa dawa hadi sikumtambua kwa kitambo. Binti yake alikuwa na mafua, kwa hivyo alisimama nje ya dirisha la chumba, na baba yake ndani, wakawekeana viganja kwenye kioo. Mimi alinisalimia kwa mbali. Aliangalia tumbo, akaangalia pembeni.

Tulipata wiki mbili za kujidanganya. Kisha kipimo cha kawaida cha damu kikaonyesha chembe ambazo hazikupaswa kuwepo, akapelekwa Eldoret, na daktari akaweka kalamu chini. Ugonjwa ulikuwa umerudi. Alisema kuna la kujaribu, kemo tena na seli nyingine za kitinda mimba, lakini hakutudanganya juu ya nafasi yake. Ndugu yangu alimwuliza kama akikataa atapata siku ngapi. Daktari akasema wiki, siyo miezi. Akaomba kurudi Malava.

Mara mbili tulimleta hospitalini Kakamega akaongezewa damu, ili apate nguvu za kuketi. Baada ya mara ya pili, mchana mmoja, wengine walikuwa wameenda kupumzika na mimi nikabaki naye chumbani. Mvua ilikuwa imeisha kunyesha. Aliniomba nimwinulie mto, nikamwinulia, nikaketi, na kwa vile tumbo lilikuwa kubwa nilikaa nikiwa nimeegemea nyuma, nimepanua miguu.

"Dada," akasema, "kuna kitu nataka ujue."

"Sema."

"Nilikuwa naomba itoke. Ile mimba. Kila siku mpaka tukaenda India. Nilikuwa napiga magoti kabisa." Alipumua. "Sikutaka wewe uitoe. Nilitaka itoke yenyewe, kama zile zingine, halafu nikuhurumie, halafu unipe."

Nilimnyooshea shuka miguuni.

"Watu watakuambia nilikuwa mtu mzuri, kwamba nilinyamaza kwa ajili yako. Sikunyamaza kwa ajili yako. Nilinyamaza kwa sababu nilijua nikifungua mdomo nitasema hilo. Sitaki nife nikuache ukimkumbuka mtu ambaye si mimi."

Nilimwambia kweli yangu. Nilimwambia juu ya chooni, na namba ya simu, na kwamba maneno ya kwanza niliyosema nilipopewa majibu yalikuwa "siyo sasa". Nilimwambia kwamba kuna asubuhi, katika wiki ya kumi, ambapo nilibeba gunia la mbegu mwenyewe kutoka stoo hadi mbele, jambo ambalo nilikuwa nimekatazwa, na kwamba hadi leo sijui kwa nini nililibeba.

"Halikuwa zito vya kutosha," akasema.

Alicheka, na kicheko kikamfanya akohoe, na kikohozi kikaleta damu kidogo kwenye fizi, nikampangusa kwa pamba. Alinishika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto. Hakuomba msamaha na mimi sikuomba. Tulikaa hivyo hadi mkewe alipoamka.

Alikufa siku kumi baadaye, asubuhi, mkewe na Mama wakiwa kando yake. Mimi nilikuwa njiani nikitoka mjini.

Kwenye mazishi wanawake wa ukoo walinizuia nisisogee kwenye jeneza. Mwenye mimba haangalii maiti, walisema, na mimi nilikuwa kwenye mwezi wangu wa kujifungua. Nilitaka kukataa. Mama ndiye aliyekuja, akanishika bega, akaniongoza hadi kwenye kiti nyuma ya turubai, na hakunitazama usoni hata mara moja. Kutoka pale niliona migongo tu. Nilisikia udongo ukianza kuanguka, nikajua wamemshusha.

Mwanangu alizaliwa wiki tatu baada ya hapo, mvulana, kilo tatu na nusu, analia sana. Mume wangu ndiye aliyemshika kwanza. Mama hakuja. Alituma mboga, alituma unga wa wimbi wa uji, alituma salamu. Alikuja mwezi wa pili ulipokuwa unaisha, bila kutuarifu, akavua viatu mlangoni, akaomba maji ya vuguvugu. Alimwogesha mtoto kuanzia kichwani hadi kwenye vidole vya miguu, akampaka mafuta, akamfunga vizuri. Nilikuwa nikingoja atamke jina la ndugu yangu, kwa maana kwetu mtoto hupewa jina la marehemu, na alijua nangoja. Alinirudishia mtoto mikononi.

"Hapana," akasema. "Huyu mpe lake."

Nilikuwa na swali moja, na mtoto alipofikisha mwaka nililipeleka Eldoret. Daktari alinikumbuka. Nilimwuliza kama zangu zingemponya.

"Sijui," akasema. "Zake zilishika vizuri sana, za mdogo wenu. Zilifanya kazi yake. Ni ugonjwa uliopata mwanya. Zako huenda zingeuzuia. Huenda ungerudi vilevile. Nimeona wa kulingana kamili wakirudiwa. Mtu akikuambia anajua, usimwamini."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ndiyo na nimejiandaa kwa hapana.

Kitinda mimba hakurudi kwenye kazi ya stima. Baada ya arobaini alikwenda Chekalini, akakodi shamba, akaanza kulima mahindi, na nyumbani akaacha kuja. Akipigiwa simu hujibu kwa neno moja. Mwaka jana wakati wa mavuno nilimfunga mwanangu mgongoni nikamfuata. Nilimkuta uani na rundo la mahindi, anapukuchua kwa mkono, kwa sababu mashine ya jirani ilikuwa imeharibika. Alikuwa amekonda. Nikaketi kwenye turubai, nikachukua gunzi. Mwanangu alishuka akaanza kurusha punje.

Tulipukuchua muda mrefu.

"Damu yangu ilikuwa hafifu," akasema.

"Haikuwa hafifu. Ilishika. Daktari mwenyewe amesema."

"Ilishika, halafu ikakubali ugonjwa uingie."

"Siyo hivyo ilivyo."

"Wewe ulilingana kamili." Hakusema kwa ubaya. Aliendelea kusukuma punje kwa kidole gumba. "Yako ingefanya?"

Ningeweza kumwambia hapana. Ingemsaidia, na nilikuwa nimesafiri njia yote ile nikiwa na neno hilo mdomoni. Lakini alikuwa amelala siku tano mifupa ikimuuma, akakaa saa tano kwenye mashine, na nilifikiri kwamba yeye kuliko mtu mwingine yeyote anastahili kuambiwa kile nilichoambiwa mimi.

"Sijui," nikasema. "Nilimwuliza daktari. Yeye pia hajui."

Alitikisa kichwa polepole. Mtoto alimpelekea punje moja, akaiweka kwenye kiganja chake, akarudi kuchukua nyingine. Akampelekea hiyo pia. Kitinda mimba alizipokea moja moja, akizitia mfukoni mwa shati, na tukaendelea na rundo hadi mawingu yalipokusanyika na ikabidi tuyafunike mahindi.